Kwenda Kaboya kumuona somo wa kaka

Siku ya kwanza, Jumatatu. Morogoro hadi Dodoma

Mama kavaa tangu saa kumi alfajiri. Nilivyotoka chumbani nimemkuta kakaa sebuleni taa inawaka, kitenge kipya, begi miguuni, na mfuko mdogo wa nailoni kaushika kwa mikono miwili. Nikamwambia shikamoo mama, humo kuna nini, akasema marahaba, barua ya baba yako. Basi hakuongeza neno.

Niwaeleze kidogo kabla sijaendelea. Baba yetu alifariki mwaka jana mwezi wa kumi akiwa na miaka 72. Alikuwa mwanajeshi wa JWTZ, alistaafu na cheo cha sajini, na vita ya Kagera, ile ya kumtoa Idi Amin wa Uganda, aliipigana yote kuanzia Kyaka mpaka Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mtaani walimwita Afande mpaka anaingia kaburini. Sisi watoto wake watano tulimjua kama mtu wa kupiga pasi ya mkaa sare zetu za shule Jumapili jioni, zote tano, zimepangwa kwenye kamba kwa urefu wetu. Mimi ndo kitinda mimba na nywele zangu nilisukwa na baba mpaka darasa la tatu, mistari imenyooka kama gwaride, mwalimu akawa anauliza unasukwa saluni gani.

Vita hakuisimulia. Ukimuuliza atakuambia tulienda, tukapigana, tukarudi, kalete maji. Ila wiki yake ya mwisho alimwambia mama jambo moja, kwamba kuna rafiki yake amelala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hiyo mkoani Kagera, alimuahidi atarudi kumsalimia na hajarudi. Miaka 45. Mama akasema kila mwaka alikuwa anapanga mwakani nitaenda, na ikifika mwakani hela inakatwa ada ya mmoja wetu. Nilivyosikia hivyo sikulala. Nikaanza kuhesabu, mwaka huu ni mimi nilienda fomu one, mwaka ule dada chuo cha ualimu, mwaka ule kaka operesheni ya apendiksi... kumbe nauli ya baba ya kwenda Kaboya tumeila sisi.

Ndo maana tuko njiani. Tulikwepa makusudi tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mama alitaka kwenda pakiwa kimya. Tumekuja mwezi wa nane.

Tumepanda treni ya umeme ya SGR, hata saa mbili hazifiki uko Dodoma. Mama alikaa dirishani na kila reli ya zamani ilipotokea pembeni ananigusa goti, ile pale. Novemba 1978 baba aliondoka na reli hiyo. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshahutubia taifa redioni tarehe 2, ile ya uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo, mama aliisikia kwa jirani maana wao hawakuwa na redio. Siku chache baadae treni ya wanajeshi ikapita Morogoro. Mama ana mimba ya miezi sita, akakaanga vitumbua 20, akafunga kwenye kitambaa, akakimbia stesheni. Mabehewa yamejaa vijana mpaka milangoni, baba haonekani. Treni inaanza kutikisika akampa furushi askari mmoja asiyemjua aliyekuwa dirishani, akamtajia jina la mume wake, treni ikaondoka. Aliniambia hivyo halafu akalala mpaka Dodoma.

Siku ya pili, Jumanne. Dodoma hadi Mwanza

Karibu kilomita 700 ndani ya basi, sina mengi ya kuandika kuhusu leo. Singida, Nzega, Shinyanga. Basi letu lilipasuka tairi kabla ya Nzega tukakaa juani saa nzima na nusu, mama hakulalamika, alikaa chini ya mti akanunua karanga akawagawia watoto wa abiria wengine.

Hapo chini ya mti ndo akaniambia safari ya baba ilichukua siku tatu mpaka Mwanza, treni inasimama porini hovyo, maji hakuna, halafu kutoka Mwanza wakapakiwa kwenye lori la kubeba pamba, serikali ilikuwa imechukua malori na mabasi ya watu na ya mashirika kwa ajili ya vita. Baba alikuwa anasema alifika Kagera nywele zote zina pamba, wenzake wanamwita babu.

Tumefika Nyegezi stendi usiku, miguu ya mama imevimba. Nimempashia maji ya moto gesti akaiweka humo. Baba ndo alikuwa anafanya hivyo, jioni mama akitoka sokoni kuuza anakuta beseni lipo tayari na chumvi ndani, na sisi tunajua hapo hakuna mtu kuingia chumbani kuomba hela ya daftari.

Siku ya tatu, Jumatano. Mwanza, halafu ziwani

Mchana tumepumzika, tumekula sato wa kukaanga kwa ugali, tumeangalia mawe ya Bismarck. Jioni bandarini.

Mama meli aliiogopa, sitaficha. Watu wa umri wake wakisikia Bukoba na meli kwenye sentensi moja wanakumbuka MV Bukoba ilivyozama, 21 Mei 1996. Nilimwambia tunaweza kwenda na basi, siku hizi kuna daraja la Kigongo Busisi limefunguliwa mwaka huu wa 2025, kilomita tatu unavuka kwa gari. Akakataa. Akasema baba yako alikwenda kufa kwa lori la pamba, mimi nishindwe meli yenye vitanda.

MV Victoria iling'oa nanga usiku. Tulitoka kukaa nje kwenye benchi, upepo mkali, nimemfunika na kanga mbili, taa za Mwanza zinabaki nyuma. Ndo akatoa barua.

Nilijua ipo lakini sikuwahi kuisoma. Ni karatasi ya daftari la mistari, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka, kalamu ya bluu imefifia. Nilimulika na simu nikamsomea mwenyewe mama kwa sauti, ingawa nadhani anaijua yote kwa moyo maana midomo ilikuwa inatangulia. Ameanza na salamu, hali yangu nzuri hofu kwako. Halafu anasema vitumbua vilifika. Vyote 20. Yule kijana wa dirishani alimtafuta baba behewa kwa behewa, matatu, usiku, watu wamelala sakafuni, njaa imemshika na hakula hata kimoja mpaka akampata mwenyewe. Wakavila pamoja. Tangu siku hiyo hawakuachana, handaki moja, blanketi moja. Halafu mstari unaofuata mwandiko umebadilika, umekuwa mkubwa kama wa mtoto, anasema huyo kijana amefariki Mutukula mwezi wa kwanza, na mtoto akiwa wa kiume nakuomba mpe jina lake.

Barua ilimfikia mama mwezi wa tatu. Kaka alikuwa ameshazaliwa Februari, ameshapewa jina la babu mzaa baba. Mama akaenda kwa mkwe wake akapiga magoti akaomba jina libadilishwe, na babu akakubali palepale, akasema huyo aliyebeba vitumbua ni mtoto wangu pia.

Kwa hiyo kaka yetu mkubwa ana somo Kaboya. Jina nimezaliwa nalisikia kila siku likiitwa uani na sikuwahi kuuliza limetoka wapi.

Nilikaa na ile barua mkononi muda mrefu. Mama akasema irudishe kwenye nailoni, unyevu.

Siku ya nne, Alhamisi. Bukoba

Alfajiri tulipita Kemondo, kumekucha tupo Bukoba, mji wa kijani, mvua nyepesi. Tumepata chumba karibu na soko. Mama kalala mpaka mchana.

Chakula cha mchana tulikula kwa mama mmoja wa makamo karibu na stendi, ndizi zimefunikwa na majani yake, maharage, na mchuzi wa samaki. Mama alipoonja akaweka kijiko chini. Mimi pia nilijua. Baba alikuwa mwanaume pekee mtaani kwetu anayepika ndizi kwa kuzifunga kwenye majani ya mgomba, anazimenya haraka haraka kisu kinaelekea kwake, anazifunga, anaweka sufuria ndani ya sufuria, halafu anakaa kwenye kigoda anasubiri na hataki haraka. Alisema alifundishwa na bibi mmoja wa upande wa Masaka, wanajeshi wamepita wamechoka, yule bibi hakukimbia, akawapikia. Hiyo ndo hadithi pekee ya Uganda aliyotusimulia kwa hiari yake, na tuliisikia labda mara mia.

Mama akamueleza yule mama lishe tumekuja kufanya nini. Yeye alikuwa binti mdogo mwaka 1978, kwao ni Misenyi, walikimbia usiku na mbuzi wawili wakavuka mto wakalala kanisani huku Bukoba miezi. Jeshi la nduli Amin lilikuwa limechukua ardhi yote kaskazini ya mto Kagera, zaidi ya kilomita za mraba 1,800, akatangaza ni ya Uganda. Ng'ombe wote wakasombwa. Nikakumbuka baba aliwahi kusema Novemba ile senene walitua kwa wingi na hakuna mtu wa kuwaokota, nikamwambia. Yule mama akaitikia kwa kichwa, akasema kweli, mwaka ule hatukula senene. Akakataa hela ya chakula.

Siku ya tano, Ijumaa. Kyaka na Mutukula

Tumekodi gari dogo, dereva kijana mstaarabu sana. Barabara ni lami nzuri mpaka mpakani, migomba huku na huku, halafu inafunguka tambarare.

Kyaka tulishuka darajani. Mto Kagera mpana, maji ya kahawia, unaenda taratibu kama hauendi. Daraja la zamani jeshi la Amin lililipua mwanzoni mwa Novemba 1978 ili wetu wasivuke, mwezi huohuo mainjinia wa jeshi letu wakatandika la chuma la muda, na baba alivuka kwa hilo. Mama alisimama anaangalia maji. Akaniuliza, baba yako alijua kuogelea? Nikasema sijui mama. Akasema mimi pia sijui, miaka 48 ya ndoa sikuwahi kumuuliza.

Mutukula sasa hivi ni mji wa biashara, malori foleni, wabadilisha hela, bodaboda za nchi mbili. Mizinga ya Amin iliendelea kupiga kutoka huku kwenye mwinuko hata baada ya kutimuliwa upande wetu, ndo maana Januari 1979 jeshi letu likavuka likaiteka. Ilikuwa tarehe 21 na 22. Somo wa kaka alifia mahali fulani hapa.

Nataka niliandike na hili kwa sababu baba alikuwa mtu mkweli. Mutukula baada ya kutekwa ilibomolewa yote, na raia waliobaki waliuawa, askari wetu walikuwa wameona yaliyofanywa Kagera na hasira imewapanda. Mwalimu aliposikia alikasirika sana, akaamuru raia wa Uganda wasiguswe tena. Sijui baba alikuwa wapi saa hiyo. Najua tu kwamba mwaka fulani, mimi nikiwa la sita, mwalimu wetu alimualika aje shuleni aongee juu ya ushujaa, akavaa vizuri, akafika, akasimama mbele yetu, akasema vita ni kitu kibaya, someni, akashukuru akaketi. Nilikasirika nikiwa mtoto, nilitaka atoe hadithi. Leo nimesimama Mutukula namuelewa.

Kwenye gari mama kanisimulia siku aliyorudi, mwisho wa 1979. Amekonda, kaleta sabuni mbili na kitenge, basi, wengine walirudi na redio na magodoro. Kaka ana miezi kumi, alipomuona akalia akajificha. Baba hakumlazimisha. Alilala sakafuni karibu na kitanda cha mtoto siku nyingi, hata hamgusi, anaongea tu taratibu mpaka usingizi. Siku ya tisa kaka alitambaa mwenyewe akamshika kidole. Na tangu hapo mpaka tumekuwa wakubwa hakuna usiku alikwenda kulala bila kupita vitandani na tochi, anatumulika miguu tu siyo uso, anatuhesabu kwa sauti ya chini. Tukiwa likizo na binamu wamejaa anawahesabu nao. Nilidhani baba wote wanafanya hivyo.

Halafu ile miaka ya baada ya vita, miezi 18 ya kufunga mikanda iliyokuwa miaka, sukari foleni, sabuni foleni, unga wa njano. Mshahara wa askari mdogo. Alilima mchicha nyuma ya kota, akauza mayai, viatu vyake vya kiraia ni jozi moja vimeshonwa na kushonwa lakini kiwi inang'aa unajiona. Aliponistaafia, yani nikiwa mimi tu nimebaki shule, alianza kulinda godauni usiku ili nimalize. Mchana analala masaa matatu halafu shamba.

Jioni tulivyorudi Bukoba mama aliniambia twende sokoni. Akanunua mchele, nazi, iliki, hamira, sukari. Akaenda kwa yule mama lishe wa jana akamuomba kinu cha kusagia na chuma cha vitumbua. Chuma hakikuwepo, wakazunguka majirani watatu wakapata.

Siku ya sita, Jumamosi. Kaboya

Mama kaamka saa tisa usiku kukaanga. Vitumbua 20, kavihesabu mara mbili, kwenye kopo la plastiki na kitambaa cheupe juu.

Kaboya ipo barabara ya kwenda Muleba. Ni eneo la jeshi, unajitambulisha unaeleza, kaka mkubwa alikuwa ameshapiga simu za kutosha wiki nzima kabla hivyo tulitarajiwa. Kijana mmoja wa jeshi, labda miaka 23, alipewa jukumu la kutuongoza. Alimwambia mama shikamoo mama akambebea kopo, na alivyobeba kwa mikono miwili bila kuliinamisha nilitaka kulia kabla hata hatujafika.

Makaburi yapo safu kwa safu, mamia, meupe, majani yamekatwa chini. Kimya kweli, unasikia ndege na gari moja moja mbali. Mimi nilitegemea tutaulizia, tutafute kwenye daftari. Mama alianza safu ya kwanza akatembea anasoma moja moja, mguu unauma, anataja kila jina kwa sauti, halipiti jina hata moja. Yule kijana akataka kumwelekeza nikamshika mkono, akaelewa. Tulitembea nyuma yake muda mrefu sana.

Alipofika hakusema tumefika. Alisimama tu. Nikasogea nikasoma, na hata kama nilikuwa najua toka Jumatano, kulikuta jina la kaka yangu juu ya kaburi kulinishika tumboni.

Mama alipiga magoti akasali rozari, yote. Halafu akaongea naye, kawaida kabisa, kama mtu aliyekuja kumtembelea shemeji. Akamwambia mwenzako alitaka kuja, moyo wako usimlaumu, tulikuwa na watoto watano na wote wamesoma. Akamwambia mkubwa ana jina lako, ni fundi umeme yuko Mtwara, ana watoto wawili, hanywi. Akamwambia mwenzako amefika huko mwezi wa kumi, bila shaka mmeshaonana. Halafu akanyamaza, akasema, na mimi nashukuru kwa vile vitumbua, sikupata nafasi ya kukuuliza hata unaitwa nani.

Tulimpigia kaka kwa video. Mtandao unakatika katika, mama anapiga kelele kama wanavyofanya, niko kwa somo yako, unaona? unaona hapa? Kaka hakujibu, picha ilikuwa imeganda na yeye kainamisha kichwa, nikadhani ni mtandao mpaka nikasikia anapumua.

Vitumbua mama aligawa getini. Kwa yule kijana na wenzake waliokuwepo, akawapa mmoja mmoja mkononi, wanashukuru na wengine hawajui hata ni vya nini. Yule aliyetuongoza alikula taratibu amesimama wima, akauliza mama hivi vina iliki? Mama akasema ndiyo, mama yako anaweka? Akasema anaweka, kwetu Tanga. Wakaanza kuongea mambo ya Tanga na nazi.

Kwenye gari kopo lilikuwa na viwili. Nilikuwa na njaa, nikanyoosha mkono, mama akaliondoa akaliweka upande wake. Hivyo ni vya kaka yako. Nikamwambia mama, Mtwara ni mbali, mpaka tufike Morogoro tu ni siku tatu, vitachacha. Akafunga mfuniko, akazungushia kitambaa, akakaza fundo.